Kamusi Chini ya Godoro

Jumatatu, 3 Machi
Nina hasira mpaka nimejichoma sindano mara mbili. Jana baada ya ibada Profesa alinishinda tena nyumbani kwa mama mkwe. Profesa ni fundi wa simu, mume wa dada yake mke wangu. Uprofesa ni ile miwani tu. Tulicheza vigae vya herufi, mchezo wa kupanga maneno ya Kiingereza. Mimi nikapanga neno la heshima: "kitchen". Yeye akaweka "za", "qi", "xu", vijineno vya mtu aliyepaliwa, lakini Z, Q na X ndizo zenye pointi nyingi, akazizoa zote. Nikamuuliza "za" ni nini. Akasema hajui, ila limo kwenye kamusi. Mama mkwe, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, akafungua. Limo. Eti ni pitsa.

Na si mchezo tu. Mama mkwe ana chumba cha mbele kinachotazama barabara. Mimi nakitaka kwa cherehani yangu, maana nashonea kwenye korido na wapita njia wanakanyaga nguo za wateja. Profesa anakitaka kwa simu zake. Mama amechoka kutuamua. Amesema atakayeshinda Jumapili atapewa ufunguo.

Jumatano, 5 Machi
Nilimwomba Mungu anionyeshe njia. Akanionyesha kamusi juu ya kabati, mama mkwe yuko jikoni. Nimeiazima. Iko chini ya godoro letu. Sasa Profesa atakariri wapi? Mama amepiga simu kuuliza kama nimeiona. Nimemjibu kwamba Mungu ndiye ajuaye. Sikudanganya. Uongo mimi siusemi.

Ijumaa, 7 Machi
Nasoma. "Aa" ni mawe ya volkano. "Ai" ni mnyama mvivu wa kuning'inia mitini, nikamkumbuka mtu. "Zo" ni mtoto wa ng'ombe na mnyama fulani wa milimani mwenye manyoya. "Ka" ni roho ya mtu kwa wapagani wa kale. Hilo siliweki hata kwa mtutu wa bunduki.

Mke wangu analalamika mgongo, eti godoro lina nundu. Nimemshauri alale upande wa ukutani.

Kisha nikampigia mama mkwe: kwa kuwa kamusi haionekani, kila mtu aeleze maana ya neno lake, asiyejua aliondoe. Akanisifu, mkwe wangu una akili. Profesa hajui maana hata moja. Kwisha habari yake.

Jumapili, 9 Machi
Niliweka "zo". Nikaeleza maana. Chumba kizima kikacheka. Profesa akaniuliza, kaka, mnyama huyo umemshona wewe? Mama hakuamini, akalifuta.

Profesa naye akaweka "vup". Akasema, bila kupepesa jicho, ni kitambaa cha kufutia darubini. Mama akasema anadhani amewahi kulisikia. Profesa akaweka "jex": upepo mwepesi wa alfajiri. Mke wangu akasema jamani neno zuri. Mke wangu! Nami nimekaa na vigae vyangu, siwezi kubuni, kwani uongo siusemi.

Uvumilivu ukaniisha. Nikatoka mbio mpaka nyumbani, nikarudi nahema na kamusi kifuani. Mama akafungua. "Zo" limo. "Vup" halimo. "Jex" halimo. Nikanyoosha mkono nipewe ufunguo.

Mama akauliza taratibu nimeiokota wapi. Nikatazama dari. Mke wangu akajishika mgongo, akanitazama, akamjibu mama yake yeye mwenyewe.

Profesa kapewa ufunguo.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetubu. Nimesali kwa machozi. Nikaenda kumwomba mama mkwe radhi, akanisamehe, akanikaribisha chai. Akasema mwisho wa mwezi tutacheza tena, safari hii kwa ajili ya stoo ya nyuma. Huko mbele Profesa alikuwa anapaka rangi chumba changu huku akipiga mluzi.

Mama akaenda kuleta sukari. Mfuko wa vigae ulikuwa mezani, wazi. Kigae cha Z ni kimoja tu; bila hicho, hiyo "za" yake ataitoa wapi? Nimekichukua, na nyumbani nimekishona kwenye pindo la koti langu, mshono safi, hauonekani.

Mama amepiga simu sasa hivi. Kigae kimoja hakionekani, je, nimekiona? Nimemjibu kwamba Mungu ndiye ajuaye.