Kobe wa Shangazi na Chumba cha Mbele

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi ameondoka kwenda kumwangalia binti yake aliyejifungua. Atarudi Jumapili. Ameniachia kobe wake, Hakimu, na karatasi ya maagizo, mbele na nyuma. Mimi, fundi cherehani kwa miaka kumi na tisa, leo ni yaya wa kobe!

Ila kuna jambo. Chumba cha mbele kiko wazi, kile chenye dirisha la barabarani. Mimi nashona ukumbini, gizani, wateja wananikanyaga miguu. Mdogo wangu kinyozi naye anakitaka, eti kibarazani kwake upepo unarusha nywele. Nyumba ni ya shangazi, naye amesema atatoa uamuzi akirudi, akishaona Hakimu ametunzwaje. Basi kinyozi hana chake. Nimeshapima dirisha kwa ajili ya pazia.

Jumanne, 4 Machi

Maagizo yanasema majani mabichi, maji ya uvuguvugu kwenye beseni pana, jua la asubuhi. Mkate marufuku. Huko ni kumnyanyasa mnyama. Nimempa mkate na maziwa, amemaliza. Nikamwambia mke wangu kwamba shangazi alikuwa anambania. Akajibu kwamba yeye anajua kusoma, basi.

Mchana Hakimu ameharisha juu ya suruali ya mwalimu mkuu. Ya kijivu, ya harusi ya bintiye. Nimeifua mwenyewe. Mdogo wangu amepita, kitana sikioni, akauliza hiyo harufu ni ya nini. Nimemwambia ni sabuni mpya.

Jumatano, 5 Machi

Nimempeleka kwa daktari wa mifugo, kwa siri, ndani ya kapu. Nilimpaka kwanza mafuta ya nazi gambani ili ang'ae, mtu asiseme hatunzwi. Daktari akauliza nani amempaka mafuta. Nikasema labda ni joto. Ameandika kwenye cheti kwamba mnyama ni mzima, mwenyewe aelekezwe. Cheti nimekichana.

Halafu huu uongo kwamba kobe ni mpole wa mwendo. Waliosema hivyo hawajawahi kumpa kisogo. Nimetunga uzi kwenye sindano, nikageuka, hayupo. Alikuwa nyuma ya kabati, ananitazama kama mimi ndiye mshtakiwa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo akili imefanya kazi. Nimebandika ncha ya uzi mweusi kwenye gamba, roli ya uzi iko mezani kando ya cherehani. Akienda, uzi unafunguka. Nikimtaka, naufuata. Mke wangu ameuliza kwa nini nisifunge mlango tu. Ndiyo maana yeye si fundi.

Hakimu amezunguka miguu ya meza mara nne. Mwalimu mkuu alikuja kuulizia suruali, akanasa kwenye uzi, akakaa sakafuni kabla hajakaribishwa. Amesema alifuata nguo, hakufuata kuvunjwa kiuno. Msomi mzima, na maneno yale!

Ijumaa, 7 Machi

Hakimu hayupo.

Nimefuata uzi kutoka mezani. Hatua moja, umekwisha. Umekatwa, tena kwa mkasi mkali. Katika nyumba hii nani anashinda na mkasi mkononi kama si kinyozi? Nimemwendea kibarazani, mteja ana povu kidevuni, nikamwita mhujumu mbele ya watu. Akaapa hajakanyaga ukumbini tangu juzi.

Mke wangu akanivuta pembeni. Akasema jana jioni, nikiwa nakunja upindo wa suruali, aliniona nimeshika uzi uliokuwa unaning'inia mezani, nikaukata. Kama ninavyokata kila uzi. Hata sikutazama.

Siamini. Ingawa fundi gani anaacha uzi unaning'inia?

Sijashona kutwa. Nimepekua chini ya vitanda, nimeinama kwenye mtaro nikiita jina lake, majirani wakisikiliza. Shangazi amekuwa naye miaka arobaini, alipewa na marehemu mumewe. Nimeogopa kweli. Wala si kwa sababu ya chumba tu, ingawa na chumba pia.

Jumamosi, 8 Machi

Amepatikana. Yuko nyuma ya kibaraza cha mdogo wangu, kwenye magugu, anakula. Pembeni beseni pana, maji ya uvuguvugu, upande wa jua. Mdogo wangu anasema alimkuta jana jioni. Nikauliza mbona hakuniambia. Akasema aliona anipe nafasi nipoe. Nilikaa kwenye magugu nikalia kidogo, kwa hasira.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi amerudi. Amemnusa Hakimu gambani, akanitazama, akauliza nazi imetoka wapi. Kisha akampa mdogo wangu chumba. Dhuluma ya mchana kweupe.

Mdogo wangu, kwa unafiki wake, akasema dirishani pana nafasi ya cherehani, tutakaa wawili. Nimekubali kwa shingo upande, kabla hajamaliza kusema. Sharti la shangazi ni moja: Hakimu ataishi humo pamoja nasi, jicho langu lisimwache, na akipotea tena narudi ukumbini.

Hilo nimeshalimaliza. Kosa lilikuwa rangi tu, mweusi hauonekani. Nimembandika uzi mwekundu.

Jioni. Mwanga wa dirishani ni raha tupu, hakuna kasoro inayojificha. Suruali ya mwalimu mkuu imekwisha. Kulikuwa na kiuzi chekundu kinaning'inia mezani, kinachafua kazi. Nimekikata.