Maini kwa Jemadari

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Tumepata mbwa. Sikuulizwa. Shemeji kahamia nyumba isiyoruhusu wanyama, basi mnyama kaletwa kwetu pamoja na bakuli lake na blanketi lenye harufu ya soksi. Anaitwa Jemadari. Mweusi tii, kifua kipana, sauti nzito. Nikajiona nikipita naye mtaani, kifua mbele, Mstaafu wa nyumba ya jirani akitutazama kwa kijicho. Mstaafu ana mbwa mweupe ambaye akiambiwa kaa, hukaa kama karani wa benki. Miaka yote hii sijapumua kwa ajili ya mbwa huyo.

Jemadari anaogopa mwavuli. Anaogopa ufagio, birika likichemka, na picha ya marehemu babu ukutani. Nilipokaa kwenye cherehani (sare za kwaya, zinatakiwa wiki hii) na kukanyaga pedali mara moja tu, lo! Alitoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa kiumbe yeyote, akajitupa uvunguni mwa kitanda, mkia ukabaki nje. Nikikanyaga, analia. Nikiacha, ananyamaza. Kutwa nzima nimeshona kwapa moja.

Mama Mwenye Nyumba, anayekaa chini yetu, kapanda ngazi. Kasema ana presha, na king'ora hakimo kwenye makubaliano yetu. Jumapili mchana atakuja kukaa humu ndani, mimi nishone, yeye asikilize. Mbwa akilia, mbwa aondoke. Mstaafu alikuwa nyuma yake, hakuitwa na mtu. Akasema ana binamu mwenye ghala anayetafuta mbwa wa ulinzi. Jemadari alinde ghala! Asiyeweza kupishana na ufagio!

Mke wangu kalia. Nimemwambia aniachie mimi. Aliacha kulia, akanitazama kwa wasiwasi zaidi.

Jumanne, tarehe 5

Tumekwenda kwa daktari wa mifugo. Mama mpole, koti limejaa manyoya ya paka. Alisema woga si ukaidi, na mbwa hachapwi kwa kuogopa. Tuchemshe maini, tuyakate vipande vidogo vidogo. Tuguse cherehani, tumpe. Tuzungushe gurudumu polepole, tumpe. Apewe akiwa ametulia, na tuache kabla hajaanza kutetemeka. Haraka haraka haina baraka, alisema. Mke wangu aliitikia kila neno. Mimi sikuhitaji kusikiliza hadi mwisho. Jambo la msingi nimelielewa, nalo ni maini.

Jioni nikakanyaga pedali. Akalia. Nikampa ini. Akanyamaza papo hapo! Nikakanyaga tena, akalia, nikampa, akanyamaza. Hivi kweli kuna watu wanasomea kazi hii? Tumemaliza sahani nzima.

Jumatano, tarehe 6

Maendeleo ya ajabu! Jemadari katoka uvunguni mwenyewe, kaja mbele ya cherehani, kaitazama, kanitazama, kisha kalia kabla sijagusa kitu. Huku anatikisa mkia! Mke wangu anadai nimemfundisha kulia. Nimemwambia ile ni shukrani. Akajibu kwamba shukrani hiyo imesikika mpaka sokoni. Wivu tu.

Jambo jingine. Mke wangu kanunua karanga za kukaanga. Nilitundika taulo kwenye msumari badala ya kulitupa kitandani, bahati mbaya tu, akanipa konzi ya karanga na kusema, "Safi sana!" Sijui kaamkia upande gani. Sikuuliza. Mwenye kupewa haulizi.

Alhamisi, tarehe 7

Nimegundua siri. Mbwa huamini pua. Cherehani ikinuka kama yeye, ataiona ndugu yake. Nikaivika lile blanketi lake, nikashona nikiwa nimeingiza mikono kwa chini, kwa kupapasa. Nikasikia nimebanwa. Nilikuwa nimeshona blanketi, sare ya kwaya na mkono wa shati langu, vyote mshono mmoja. Mshono wenyewe mzuri, lazima niseme.

Mlango ulikuwa wazi. Mstaafu akapita na karani wake, yule mbwa mweupe. Akauliza kama huo ndio mtindo mpya wa kwaya. Nikasema ndiyo.

Mke wangu alinitoa kwa mkasi. Nikaurudisha mkasi kwenye droo yake. Karanga! Ninaanza kuamini kwamba mwanamke huyu ananipenda sana.

Ijumaa, tarehe 8

Mpango mkubwa. Mama Mwenye Nyumba havai miwani yake kwa sababu inamzeesha. Kwa hiyo Jumapili si lazima aone Jemadari. Anahitaji tu kuona mbwa mweusi aliyetulia. Mbwa aliyetulia yupo, yuko kwa Mstaafu. Weusi wenyewe nao uko kwenye kopo la rangi ya viatu.

Nilikwenda alasiri, kopo na brashi mfuko huu, ini mfuko ule. Leo nifanye jaribio la mguu mmoja tu, nione kama rangi inashika. Karani alikuwa kibarazani. Nikamwonyesha ini, nikamwita njoo. Akakaa. Nikabembeleza. Akakaa vizuri zaidi. Nikapiga magoti, nikafungua kopo, nikashika mguu, na ndipo Mstaafu akatoka na kikombe chake. Alitazama kopo. Alitazama brashi. Akauliza kama nimekuja kumpigia viatu rangi. Nikasema ndiyo. Ana viatu vingi sana mtu yule, na vyote akavileta.

Nimerudi giza likiingia, mikono myeusi. Nikamkuta mke wangu kwenye kigoda changu, anazungusha gurudumu la cherehani kwa kidole kimoja, Jemadari kalala ubavuni pake anatafuna. Kumbe kila nikitoka ndivyo wanavyofanya! Nilimwomba asichezee kitendea kazi changu. Lakini Jemadari aliponiona aliruka, akapita kando ya ufagio bila kuutazama, akanilamba mikono yote miwili, rangi na yote.

Nilimwaza ghalani, gizani, peke yake, bila mtu wa kumwambia kwamba ile ni picha tu ya babu. Nampenda mbwa huyu. Nimeshaandika, sirudii.

Jumamosi, tarehe 9

Mke wangu kanipokonya uongozi. Kaniambia nikae kitandani, kimya, nisimpe mbwa kitu chochote mpaka aniambie. Nikakaa. Karanga. Yeye akagusa pedali, ini. Akakanyaga kidogo, ini. Jemadari akilia, hapewi kitu, cherehani inanyamaza, tunangoja. Kungoja huku, jamani! Ningeweza kuvumbua mipango mitatu katika muda ule.

Mwishowe akaniita kwa kidole. Nikashona pindo moja, nikaacha. Kola, nikaacha. Kisha shati zima. Jemadari akashusha pumzi, akalaza kichwa juu ya mguu wangu wa kushoto. Mguu ukafa ganzi. Sikuusogeza. Tuliangaliana mimi na mke wangu, tukacheka kimya kimya mpaka machozi yakatutoka.

Jumapili, tarehe 10

Siku yenyewe! Mama Mwenye Nyumba kaja na mwavuli. Mwavuli! Nyuma yake Mstaafu, nyuma ya Mstaafu karani. Jemadari alianza kutetemeka. Nikajua yamekwisha. Mke wangu akaupokea mwavuli kwa heshima zote, akaulaza sakafuni, akaweka kipande cha ini juu yake. Jemadari alinyoosha shingo kama anayechungulia kisima. Akala. Akalala chini.

Nikakanyaga pedali. Mshono ukapinda, sikujali. Hakuna mlio. Nikashona mkono mzima wa sare. Hakuna mlio!

Kisha mlio ukaja. Mkubwa, wa kupasua masikio. Wote tukamtazama Jemadari. Jemadari naye alikuwa anamtazama karani. Maisha yake yote mbwa yule hajawahi kusikia cherehani! Alilia, akazunguka, akajificha nyuma ya miguu ya Mstaafu, na viatu vilivyong'arishwa na mimi vikakanyagwa vyote. Mama Mwenye Nyumba akamgeukia Mstaafu na kumuuliza yule binamu wa ghala anaendeleaje.

Jemadari anabaki! Nilimbeba mbwa, nusura nimbebe na mke wangu pia. Tumecheza mpaka Mama Mwenye Nyumba akagonga dari yake kwa mpini wa mwavuli.

Jumatatu, tarehe 11

Mji sasa unajua mimi ni nani. Asubuhi Mstaafu kaja mwenyewe, kofia mkononi, kuomba nimfundishe karani wake asiogope cherehani. Nilimwacha asimame kidogo. Kisha nikakubali, maana uungwana ni vitendo. Nimeamua kufungua shule. Kibao nimeshakichora.

Somo la kwanza: nikakanyaga pedali. Karani akalia. Nikampa ini. Akanyamaza papo hapo! Kufika saa sita alikuwa analia kabla sijagusa kitu, mkia unatikisika. Kipaji ni kipaji.

Jemadari alimtazama, akatazama sahani ya maini, akafikiri, kisha naye akaanza. Sasa nasikia mtu anapanda ngazi akigonga kwa mwavuli. Mke wangu kaingia, kaufunga mlango, kasema neno moja tu: kaa. Mbwa wote wawili wamekaa. Na mimi nimekaa, ingawa mimi ni kwa sababu ya miguu kuchoka. Kanipa karanga.