Simwambii Ale, Namwita Jina

Wamama wa Matulo, leo nimeaibishwa na mdomo wangu mwenyewe. Si mbwa. Mdomo. Mbwa alifanya tu kazi ya mbwa.

Naandika nikiwa jikoni, mlango nimefunga, na jua bado liko juu. Majirani wanapita kwa barabara wakicheka. Wanadhani sisikii. (Nasikia. Ni magoti yamezeeka, si masikio.)

Nyinyi mnanijua. Mimi ndiye nilimtoa bwana harusi chingamu mdomoni mbele ya madhabahu. Mimi si mtu wa kuchekwa. Mimi ndiye huwa nacheka wengine, na hapo ndipo shida yenyewe ilianzia, lakini ngojeni.

Tangu nihamie huku Kitale kwa kijana wangu, nina mbwa. Si mbwa wa kulala kwa kivuli akingoja ugali. Ni mbwa wa kazi, aina ile wanaita teria. Kimo chake ni kama mtungi wa lita tano. Mweupe, sikio moja la kahawia. Akiingia stoo ya mahindi, panya wanahama na watoto wao. Fuko akichimba kwa viazi, anamfuata huko huko ndani, unabaki ukiona mkia tu. Kabla aje, magunia yangu yalikuwa yanavuja mahindi kama pua ya mtoto.

Alizaliwa siku tulipiga kura. Mjukuu wangu Nekesa akampa jina: Kura. Sasa nyinyi wa Bungoma mnajua ulimi wetu. Kwa karatasi naandika Kura, kwa sababu Nekesa alinionyesha. Kwa mdomo inatoka Kula.

"Kukhu, sema Kurrra," Nekesa aliniambia mimi nyanya yake.

"Si ndio nimesema? Kula."

Akaniachia. Mbwa mwenyewe hakulalamika. Ukisema Kula, anakuja.

Kosa lake ni moja. Hapendi mbwa. Binadamu sawa, kuku sawa, hata paka anampisha. Mbwa mwenzake, hapana! Hata kama ni mkubwa kama ndama, yeye anaruka kwenda juu kutafuta shingo.

Miezi miwili iliyopita alirarua sikio la Bosco. Bosco ni mbwa wa jirani yangu Baba Njeri. Ni mbwa mkubwa, mzee, mpole kama shemasi. Baba Njeri naye ni mtu mzuri, watu wake walitoka upande wa Nyeri zamani wakanunua shamba hapa. Alikuja kwangu na mzee wa mtaa, na mzee akasema maneno machache.

"Mama Nafula, akiuma mbwa mwingine mara moja tu, ni mnyororo. Mchana na usiku. Au arudi alikotoka."

Mbwa wa mnyororo hashiki panya. Nilijua hapo kwamba nikipoteza Kura, mahindi yangu nayo yamekwenda.

Basi nikaenda kwa daktari wa mifugo. Ni msichana mpole, anaongea na ng'ombe kama anaongea na askofu. Nikamwambia nimeshaandaa fimbo.

"Hapana, Mama, usimpige. Ukimpiga kila akiona mbwa, atajua mbwa ndiye analeta fimbo. Atamchukia zaidi. Wewe ukiona mbwa kwa mbali, muite jina kabla hajaanza kuvuta. Akikugeukia, mpe kitu kitamu. Halafu geukeni muende zenu."

Kitu kitamu! Nimelea watoto tisa bila kumpa hata mmoja kitu kitamu kwa sababu hajauma mwenzake. Lakini nikafanya. Nilitia omena kwa mfuko wa aproni. Mbwa akitokea kule kwa kona, "Kula!" Anageuka. Omena. Tunarudi nyumbani. Kila siku, asubuhi na jioni, mpaka kanisani wakaanza kuuliza ni nani ananuka samaki. (Nilitazama nyuma kama mimi pia nashangaa. Mungu anisamehe.)

Na ikafanya kazi, bana! Kwa mbali, lakini ikafanya.

Sasa leo. Leo ilikuwa chanjo ya kichaa cha mbwa, uwanja wa shule ya msingi. Kila mbwa lazima. Daktari alinipigia simu jana, akanipa maneno mawili tu. La kwanza: "Mama, kuja mwisho, wakati mbwa wameisha." La pili: "Mfunge mdomo na ile kitu nilikupa."

Mnajua nilifanya nini? Nilienda wa kwanza kwanza. Na ile ya kufunga mdomo niliacha kwa msumari. Nilitaka Baba Njeri aone. Nilitaka mzee wa mtaa aone. Nilitaka mtaa wote useme, yule mama kweli anajua kufunza. Mbwa amefunzwa, afungwe mdomo kwa nini?

(Kiburi, wamama. Kiburi niliwahubiria nyinyi miaka yote, kumbe kilikuwa kinaishi ndani yangu.)

Uwanja ulikuwa umejaa. Mbwa wa kamba, mbwa wa mnyororo, mmoja amefungwa na tai ya shule. Nikafika kwa meza. Karani akaniuliza, "Jina la mbwa?"

"Kula."

"Nini?"

"Kula."

"Mbwa anaitwa Kula?"

"Ndiyo. Alizaliwa siku ya kupiga kula."

Mama mmoja nyuma yangu akasema polepole, "Hiyo siku chakula kilikuwa mingi, ndio wakapiga." Watu wakacheka. Niligeuka nikamtazama. Karani akaandika, akapiga muhuri. Kura akadungwa sindano, hata hakulia. Daktari aliona mdomo wazi, akaniangalia vile mnamuangalia mtoto amevunja kikombe.

"Mama. Iko wapi?"

"Nyumbani."

"Basi nenda nyumbani pia. Sasa hivi. Pitia nyuma ya choo, huko hakuna mbwa."

Ningepitia nyuma ya choo, leo ningekuwa mtu.

Lakini Baba Njeri akaingia kwa geti na Bosco. Kura akamwona. Mwili ukakauka, mkia ukasimama kama antena. Nikaita mapema, vile nilifunzwa: "Kula!" Akageuka! Nikampa omena. Baba Njeri akaona, akatikisa kichwa kwa heshima. Mzee wa mtaa naye akaona.

Hapo ndipo ningeenda nyumbani. Si ndio? Daktari alisema geukeni, muende zenu. Mimi nikasonga mbele kumsalimia. Ati nikamsalimie kwa mkono!

"Mama Nafura, habari ya asubuhi," Baba Njeri akasema kwa ulimi wake wa Nyeri.

"Salama, Baba Nj..."

Sikumaliza. Kamba ilizunguka miguu yangu, Kura akaruka, nikaona weupe uko juu kwa shingo ya Bosco unaning'inia kama kengele. Bosco anapiga mayowe. Mbwa wote wa uwanja wakaitikia. Akili yangu ikatoroka, ikabaki neno moja tu, lile nimelisema kila siku asubuhi na jioni.

"Kula! Kula! Kula!"

Watu wakanyamaza. Nawaambia, mbwa walikuwa wanabweka, lakini watu walinyamaza.

"Huyu mama anamwambia ale?"

"Kula! Kula!"

"Wuuui! Anamchochea!"

"Mama, na wewe ni mtu wa kanisa!"

Mzee wa mtaa akaja mbio, ameshika kofia. "Mama Nafula, unasema nini wewe?"

"Nasema Kula!"

"Nyamaza!"

"Simwambii ale! Namwita! Ni Kula! Kula!"

Kila nikieleza, naharibu zaidi. Na sasa sikieni ile imenifungia jikoni. Kura alisikia jina lake. Katikati ya ile kelele yote, yule mbwa alinisikia. Akaachilia shingo. Akatembea mpaka kwangu, akakaa chini vizuri, manyoya ya Bosco yamejaa mdomo, akanitazama.

Na huu mkono wangu wa kulia, kwa mazoea, bila kuniuliza mimi mwenyewe, ukaingia kwa aproni ukatoa omena, ukampa.

Mbele ya mtaa mzima.

"Na amemlipa!" yule mama wa nyuma akapiga kelele. "Haki ya Mungu amemlipa!"

Wamama, kile kicheko sijawahi kusikia. Karani alilala juu ya makaratasi. Hata mbwa waliacha kubweka wakatazama.

Daktari alimkagua Bosco. Baba Njeri alikuwa amemvalisha mshipi mpana wa ngozi shingoni, kwa hivyo meno yalishika ngozi ya mshipi. Manyoya tu ndiyo yalitoka. Lakini mzee wa mtaa alikuwa ameshainua kidole.

"Tulikubaliana, Mama. Leo ni mnyororo."

Mimi! Nilisimama pale na kamba imenifunga miguu kama kuku wa soko. Nikatazama yule mbwa, bado anatafuna omena, hajui.

Ni Baba Njeri alisema.

"Mzee, ngoja. Huyu mama hakuwa anamwambia mbwa akure. Arikuwa anamuita. Jina yake ni Kura. Kama ire ya uchaguzi."

"Wewe umejuaje?"

"Mimi nisijue? Nikisema nimeshiba, nimekura, watu wananiuriza nimempigia nani. Na mbwa ameachiria ariposikia jina. Mriona wenyewe. Amefunzwa. Ni mwenyewe ndio bado."

Mzee akafikiri. Akasema sawa: hakuna mnyororo, lakini nje ya geti ni kufungwa mdomo kila siku, na lile jina life leo. Wakatafuta jina halina zile herufi mbili za kutusumbua. Baba Njeri akasema Amani. Kila mtu akamtazama Kura. Hakuna aliyecheka, sijui kwa nini.

Sasa niwaambie ile sijaambia mtu. Mwaka jana kwa harusi ya Nafula wangu, Baba Njeri alisimama kushukuru. Akasema, "Tumekura ugari mzuri." Mimi ndiye nilicheka wa kwanza. Mimi ndiye nilirudia kwa sauti mpaka meza yote ikacheka. Alikaa chini bila kumaliza shukrani zake. Na leo ndiye alinisimamia, na kwa ulimi ule ule.

Nimempelekea Bosco mifupa mchana. Kwa Baba Njeri nilienda kuomba msamaha, nikakaa, nikamwomba animalizie zile shukrani za harusi. Akamaliza. Zilikuwa ndefu, ugari ulitajwa mara tatu, na sikufungua mdomo.

Cheti cha chanjo kiko hapa kwa meza. Kimeandikwa KULA, na muhuri juu. Daktari anasema hakibadilishwi.

Msicheke. Wewe hapo Matulo unayeshika mbavu, nimekuona. Ninakuja huko Desemba na huyu mbwa, na nitamwita kwa jina lake la zamani.