Mwenyekiti Aliyelala Migombani

Jumatatu, 1 Machi 1976

Leo Elieza, Katibu Kata wetu, kaja dukani kwangu, kaegemea kaunta yangu, kanywa soda, kafuta mdomo, halafu kasoma tangazo kwamba maduka ya watu binafsi yatafungwa. Kila kijiji kitakuwa na duka la ujamaa. Chupa karudisha kwa adabu kabisa.

Nina duka hapa Izigo mwaka wa kumi na moja. Nimelijenga kwa kahawa ya kibanja changu, shamba langu la migomba, tofali kwa tofali, majirani wakinywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kunicheka. Sasa wanataka liwe lao. Walipokuwa wanalala mchana lilikuwa langu mimi Byabato peke yangu.

Mke wangu Alistidia anasema kaka yake wa Miembeni, kule Bukoba mjini, amekabidhi duka lake, ameajiriwa humo humo, na hajafa. Kaka yake ni mjinga tangu ubatizo. Mimi nina akili. Wanataka ujamaa? Nitawapa ujamaa mpaka wachoke.

Jumatano, 3 Machi

Nimepata fomu ya kuandikisha duka langu kuwa la kikundi cha ujamaa. Rahisi ajabu. Kikundi kiwe na wanachama kumi, mmoja wao mwenyekiti. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba wanachama lazima wajue kuwa ni wanachama.

Nimejiandika mimi. Alistidia. Shangazi Ephrasia, maana hajui kusoma. Mzee Lwakatare, maana hasikii. Binamu zangu watano waliokwenda Uganda kutafuta kazi na hawajatuma hata barua. Tisa.

Mwenyekiti ndiye aliyenisumbua. Mwenyekiti aliye hai huitisha mikutano. Nimezungukazunguka uani mpaka saa kumi, ndipo nikampata: marehemu Mutembei, baba yangu mkubwa. Alifariki mwaka juzi. Amelala migombani, nyuma ya nyumba ya mwanawe Buberwa, chini ya saruji safi. Haombi sukari, haulizi maswali. Nimempigia kura. Kapita bila kupingwa.

Alama ya dole gumba lake nimeipata kwenye mguu wangu. Alistidia kaingia akakuta nimeweka mguu mezani, una wino. Kasogeza sahani, katoka. Anaheshimu mipango.

Ijumaa, 5 Machi

Elieza kagonga muhuri. Kasema mimi ni mfano kwa kata nzima, kaguswa mpaka akaimba beti mbili za kwaya yake ya Kilutheri. Mimi Mkatoliki nikaitikia. Mtu huvumilia mengi kwa ajili ya biashara.

Nimepaka kibao kipya: DUKA LETU LA UJAMAA. Neno LETU nimelikuza kuliko mengine, wasome, waridhike, waende zao. Watu wa hapa ukiwaambia "letu" wanashiba.

Jumapili, 7 Machi

Balaa.

Baada ya misa Elieza kasoma majina ya kikundi mbele ya watu wote. Kafika kwa mwenyekiti: Mutembei. Mara Buberwa kasimama, kafunga kifungo cha koti la marehemu baba yake, kasema yupo.

Nilisahau. Buberwa ni msika! Ndiye mrithi aliyekalishwa kwenye kiti cha marehemu siku ya kumaliza matanga, ukoo mzima ukitazama, na kibuyu cha rubisi nilikishika mimi mwenyewe. Kwetu msika hachukui kibanja tu. Anachukua na jina, na nafasi, na heshima. Mutembei akiitwa, anayeitika ni Buberwa. Hakuna aliyecheka. Hakuna hata aliyeshangaa, isipokuwa mimi.

Ningefanya nini? Nikisema Mutembei amekufa, nimeidanganya serikali, naenda jela. Nikisema yu hai, basi ndiye huyo kasimama na koti. Elieza kaniuliza kama mambo yako sawa. Nikapiga makofi. Nimepiga kwa nguvu kuliko wote.

Jumanne, 9 Machi

Mwenyekiti kaja kazini. Kakalia kiti changu. Alistidia kapiga magoti kumsalimu kama baba mkwe, kampa kahawa za kutafuna kwenye kikapu kizuri, kile ambacho mimi huwa sipewi.

Buberwa ni mdogo wangu kwa miaka sita. Nimemchapa mara ngapi tulipokuwa tunachunga mbuzi! Sasa nalazimika kumwita Tata, yaani baba. Nimejaribu kulisema neno hilo kwa kukohoa. Shangazi Ephrasia kaniambia niseme vizuri, marehemu asije akadhani namdharau.

Nilikuwa namsubiri aibe. Angeiba kipande cha sabuni tu, ningekimbia kwa Elieza siku hiyo hiyo. Hakugusa kitu. Alihesabu majembe, akafagia, akaenda kwake. Mtu wa hivyo huwezi kumfanya lolote. Nimeshindwa kula.

Ijumaa, 12 Machi

Mkutano wa wanachama. Binamu wa Uganda wamewakilishwa na wake zao, wote watano, na kila mmoja kaja na wifi. Mzee Lwakatare kaja na mjukuu wa kumpigia kelele sikioni. Nilidhani nimeandika watu kumi. Nilihesabu thelathini na mmoja.

Buberwa kasema kuna msiba kwa Anatolia, mjane wa kule bondeni, hivyo sukari iliyofika na mafuta ya taa vitangulie huko. Nikasimama. Nikasema duka si kanisa, biashara ina taratibu zake. Hakukasirika. Aliniuliza taratibu tu ni nani aliyechimba kaburi la mama yangu.

Walichimba wao. Siku ya mvua, kutwa nzima, mimi nikiwa Bukoba nafuata mzigo wa khanga. Nilirudi nikakuta kaburi tayari na watu wamenisubiri wamelowa. Nikakaa chini. Imeniuma, nakiri. Lakini hilo si jambo la kuuliza kwenye kikao cha biashara.

Kisha wakachagua muuzaji. Mimi, mwenye uzoefu wa miaka kumi na moja, nimepata kura moja. Shangazi Ephrasia kapata zilizobaki, pamoja na ya Alistidia. Kisa? Anajua kila nyumba ina watoto wangapi. Mimi nimepewa kazi ya kupanga foleni. Nje. Juani. Mlangoni pa duka nililolijenga kwa mikono yangu.

Jumatano, 17 Machi

Nilificha gunia moja la sukari jikoni kwangu, chini ya majani ya migomba. Haki yangu hiyo. Shangazi Ephrasia kaja kumsaidia Alistidia kumenya ndizi, kaliona. Nikajua nimekwisha. Kumbe kadhani nimeliweka akiba kwa ajili ya harusi ya ukoo. Kanisifu barabara nzima kwa sauti. Mwenyekiti kaja mwenyewe kunishukuru na kulichukua. Nikambebea mpaka dukani.

Jumapili, 21 Machi

Elieza kaleta wageni kutoka Muleba kuona duka la mfano. Wamenikuta kwenye foleni, wakanipa mkono. Alistidia anasema tangu tuoane hajawahi kulala vizuri kama wiki hizi, hakuna anayetuonea kijicho. Anaongea hivyo huku anatabasamu. Nimeoa adui.

Lakini nimekaa nikafikiri, na kosa langu nimeliona. Nilimwandika marehemu mmoja tu. Mwezi ujao tunachagua upya mwenyekiti, na kila mwanachama ana kura moja. Nikiwa na kura za kutosha, Buberwa atatoka kwenye kiti changu, yeye na koti lake.

Leo mchana nimezunguka vibanja vya ukoo wote na daftari, kaburi kwa kaburi. Nimepata kumi na saba. Watu wazima, watulivu, hakuna mbishi hata mmoja. Buberwa hawezi kuwa msika wa wote.

Kitu kimoja kimenishangaza. Kila kibanja nilichoingia, mwenye nyumba alitoka akifunga kifungo cha koti kuukuu, akanikuta naandika jina la baba yake. Hakuna aliyekasirika. Wamenikaribisha ndizi, wamenisahihisha hata herufi za majina, kisha wakaniuliza mkutano ni saa ngapi. Nikawaambia saa nne. Wamefurahi sana, sijui kwa nini. Fomu naipeleka kesho asubuhi.