Marehemu Ameulizia Pilau

Jumapili, 9 Februari
Nje hasi ishirini. Nimetuma tafakuri yangu ya wiki kwenye grupu la WhatsApp la Waswahili wa hapa ughaibuni: akili mnemba, chaguzi, na hatima ya ukweli duniani. Kurasa nne! Nimepata dole gumba moja. La Mama Redempta, ambaye nimepanga chumba kwake hapa Richfield, na ambaye hukiri kwamba hasomi, anabonyeza tu nisijisikie vibaya.

Dakika kumi baadaye Gitonga, nesi Mkenya, akaandika kwamba kesho shule zimefungwa kwa baridi. Madole themanini! Na mimi ndiye ninayesomea kompyuta. Mimi, Jayesh Vadgama, Mhindi wa Moshi kizazi cha nne. Chuoni Wahindi wananiita Mwafrika, Waafrika wananiita Mhindi. Nyumbani kwangu ni grupu hili, na nyumbani hawanisomi.

Afadhali mwenyekiti, kaka Laurean, amenipa nizungumze Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, mtaa wa Phillips. Mada: Jinsi ya Kuitambua Habari ya Uongo. Gitonga aliitaka. Kakosa!

Jumatatu, 10 Februari
Mkakati mpya. Gitonga ananishinda kasi tu. Kuanzia leo, habari kubwa yoyote, mimi kwanza. Nimewasha arifa zote. Simu inalia hata nikioga.

Jumatano, 12 Februari
Sijui nianzie wapi. Aibu tupu.

Saa tisa na nusu alasiri nikaona Isack wa Same amebadilisha picha yake. Isack ni mdogo wake dada Elinaja wa Blaine, mji wa jirani. Ameweka picha ya baba yao, Mzee Mbwambo. Nyeusi na nyeupe. Mshumaa pembeni. Hakuna neno. Kule ilikuwa saa sita na nusu usiku. Nani hubadilisha picha saa hizo kama hakuna msiba?

Kwetu mfiwa wa ughaibuni haambiwi kwa simu. Wanaambiwa watu wake, waende wakakae naye, ndipo ajue. Kwa hiyo, kwa heshima, nikatumia u-admin wangu kumtoa dada Elinaja kwenye grupu. Nikataka kumwuliza Isack kwanza. Mara juu ya skrini: Gitonga anaandika... Mungu wangu! Nikaiomba akili mnemba wasifu wa mzee. Ikaniandikia mwalimu hodari, mlezi wa wengi, mpenda amani. TANZIA. Nikabonyeza.

Wa kwanza! Nyuso za machozi zaidi ya mia. Ujumbe wa Gitonga ukafuata: barafu barabara ya 35W, watu wa-drive pole pole. Nilifurahi. Naandika humu kwa sababu siwezi kulisema pengine: mzee wa watu amekufa, nami nahesabu machozi.

Mama Redempta alifunga kanga papo hapo, akabandika pilau. Tukaenda na Rahab, rafiki yake, mimi kiti cha nyuma na sufuria mapajani.

Dada Elinaja alifungua mlango na sare zake za kazi. Alishaona kwamba ametolewa kwenye grupu. Akaziona kanga, akaiona sufuria. Akauliza tu: ni baba au ni mama? Mama Redempta akamfungulia mikono. Akaanguka sakafuni. Sijawahi kusikia mtu mzima akilia vile.

Nusu saa baadaye aliuliza habari ameileta nani. Wote wakanigeukia. Nikatoa simu, nikaonyesha picha. Akapangusa kioo kwa kiganja, akaikuza picha, akaitazama sana. Akasema taratibu kwamba kule ni tarehe kumi na tatu tayari, baba anatimiza miaka themanini, na huo mshumaa ni wa keki.

Hakuna aliyethubutu kushangilia. Tulipiga simu Same, ikaita tu. Dakika ishirini na tano! Mtu pekee ambaye angenisahihisha mapema ndiye niliyemtoa kwenye grupu. Alikaa sakafuni, simu sikioni, hakunitazama. Heri angenitukana.

Hatimaye Mzee Mbwambo akapokea, sauti imejaa usingizi. Akauliza nani amekufa mpaka aamshwe saa tisa usiku. Dada Elinaja akacheka na kulia kwa pamoja, akawasha kamera. Tukampa shikamoo. Marehemu akaitikia, akauliza kwenye sufuria kuna nini. Akasema basi kuleni. Tukala.

Alhamisi, 13 Februari
Kaka Laurean amenivua u-admin, kampa Gitonga. Hotuba hajaifuta. Anasema mada hiyo sasa hakuna anayeijua kunishinda.

Nimempigia dada Elinaja mara tatu. Ya nne akapokea. Amesema hasira imekwisha, ila tangu jana simu ikilia anaogopa kuipokea. Ameomba nisimpigie kwa muda. Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi.

Jumamosi, 15 Februari
Watu kumi na mmoja. Dada Elinaja mstari wa mbele. Nilimwomba radhi mbele ya wote. Binti wa Rahab akauliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini sikumpigia tu Isack. Ukumbi mzima ukangoja jibu. Nikasema sijui. Uongo! Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limekaa karibu na mlango, limevaa koti la bluu, linaitwa Gitonga.

Jumapili, 16 Februari
Siamini! Mzee Mbwambo amenitumia ujumbe wa sauti. Amesomewa ule wasifu, ameupenda mno. Anasema hakuwahi kuwa mwalimu, lakini ualimu niuache hapo hapo. Niutunze wasifu huo, siku yake haiko mbali. Msomaji wangu wa kwanza wa kweli!

Nimetafakari mchana kutwa. Tatizo halikuwa haraka. Nilikosa maandalizi. Habari ikiwa imeshaandikwa, mtu atakosea wapi? Kwa hiyo nawaandikia wazee wote wa grupu wasifu zao za tanzia mapema, ziwe tayari. Gitonga hatanipata tena.

Nimeanza na Mama Redempta. Wasifu wake umetoka vizuri sana, hata nimetokwa na machozi. Nilimwuliza mwaka wa kuzaliwa, akauliza wa nini, nikasema mambo ya chuo. Sasa hivi ameniletea maandazi ya moto, anauliza mbona sili. Nimeilaza simu kifudifudi. Imebaki kujaza tarehe tu.