Chuma Kilichoanguka Mwiki

Jumanne, 3 Februari
Maneno! Babake Kamene anatoka Makueni Jumamosi kuja kuniangalia kama natosha kumuoa. Mzee Kaleli. Kamene ameniambia peupe: mzee akisema hapana, ni hapana, yeye hatabishana na babake juu yangu mimi, Gachau wa Mwiki, hapa Ruiru. Mwaka mzima nimekunywa chai kwa kibanda cha Kamene. Siwezi poteza huyu.

Shida ni moja. Nilimwambia Kamene kazi yangu ni mambo ya space. Si uongo sana! Dish zote za TV za wapangaji wa hii plot nilifunga mimi, na zote zinaangalia satellite. Isipokuwa ya jirani Mburu. Ya Mburu inaangalia bafu.

Jumatano, 4 Februari
Adui ametokea. Sifuna, mwanafunzi wa Kahawa Wendani, shingo ndefu, ako na telescope. Pastor amempatia uwanja wa kanisa Jumamosi jioni aonyeshe watu nyota. Bure! Mtu wa bure ni mtu hatari. Kamene anasema huyo kijana anaeleza vizuri. Mimi nikieleza ananiambia nipunguze sauti.

Nimeenda nyuma ya plot kufikiria. Kwa nyumba ya kuku ya Cucu Rachael, nyanya mwenye plot yetu, nikaona mlango. Si mbao. Chuma, round, nzito kama dhambi, uso mmoja umejaa vinundu vinundu. Haiya! Si mwaka juzi ringi ya roketi ilitoka angani ikaanguka kwa watu wa Makueni, kamera zikajaa kijiji? Kwani sisi Mwiki tulikosea nani?

Nimebeba. Kuku nimewafungia na gunia.

Alhamisi, 5 Februari
Nimechoma chuma na tairi, ikae imepitia moto ya angani. Moshi imeingia kwa nguo za kwaya za Mama Beth, zilikuwa nyeupe. Ameniita jina siwezi andika hapa, na huyo ndio anaongoza nyimbo.

Halafu nikasoma historia kwa simu. Mrusi alituma mbwa juu kabla ya mtu. Mjanja! Na kumbe 1970, siku ya Jamhuri, satellite inaitwa Uhuru ilirushwa kutoka hapa hapa Kenya, baharini Malindi. Mbona hakuna mtu aliniambia? Ningekuwa nimeuza T-shirt.

Ijumaa, 6 Februari
Gunia imeshindwa na kazi. Kuku wamezagaa mpaka kwa kinyozi. Cucu Rachael anauliza nani amebeba mlango. Nimemshika mkono tukatafuta pamoja, mpaka kwa mitaro. Nikalaumu watu wa scrap wanaookota vyuma. Akanibariki.

Jumamosi, 7 Februari
Saa kumi, nje ya kanisa, kabla Sifuna afungue mdomo. Chuma juu ya meza, shuka yangu chini yake, karatasi: IMETOKA ANGANI, USIGUZE. Watu kibao! Kamene mbele na babake, mzee mfupi wa kofia, hacheki.

Nikaanza. Hivi vinundu ni pahali mawe ya angani iligonga. Mbwa wa Mrusi? Alirudi salama, nikasema, akazeekea Moscow. Sifuna, na sauti yake ya upole, akasema hapana, alikufa siku hiyo hiyo alirushwa. Mama Beth akaanza kulia. Nikasema sawa, alikufa, lakini na furaha.

Mzee Kaleli akainama, akanusa chuma. Akauliza, kwani roketi inatumia tairi ngapi? Kicheko! Akasema ile ya kwao aliiona na macho yake, kubwa kushinda hiyo meza yangu, na hakuna mtu aliitandikia shuka.

Jibu nilikuwa nayo. Lakini Cucu Rachael akapita katikati ya watu, akaguza pale pale nimeandika usiguze. Akapangusa masizi na leso. Akasema hiyo ni ya mashini ya kumenya kahawa, aliizungusha akiwa msichana, na sasa ni mlango wa kuku wake. Wacucu wengine wakaitikia, ndiyo, ndiyo yenyewe. Ngai! Mimi ni wa kuonyesha watu wa Ruiru, waliokulia kwa mashamba ya kahawa, chuma ya kahawa niwaambie imetoka angani?

Mzee Kaleli alicheka mpaka kofia ikaanguka. Halafu akaacha. Akaniambia, kijana, mimi sitafuti mtu wa space. Natafuta mtu akiniambia ni saa nane, nisitoke nje kuangalia jua. Rudisha mlango ya watu. Siku ukipata ukweli moja, hata ndogo, ilete Makueni tuongee.

Giza ikaingia. Nikapanga laini kwa telescope ya Sifuna kama kila mtu. Jupiter! Na vinukta kando yake, eti hiyo ni miezi yake. Nikarudi kupanga laini mara ya pili. Kamene akaniona nimerudi, akanipea chai.

Jumapili, 8 Februari
Nimerudisha mlango. Kuku wamenidona. Pastor amehubiri juu ya uongo akiniangalia mimi tu.

Nimeamua. Makueni naenda, na ukweli nimepata: mwezi iko, kila mtu anaiona, na haina fence. Nimeichora yote kwa karatasi. Plots za kuuza, futi fifty kwa hundred, beacons za mipaka ziko, maji inakuja, lami inakuja. Hapa Ruiru watu wamenunua mbaya kushinda hiyo. Ya corner nimewekea Kamene. Customer wa kwanza ni Mzee Kaleli. Na site visit ya kuona plot ni rahisi tu: Sifuna ako na telescope.