Lori Langu na Utani wa Fikiri

Jumatatu, 9 Juni 2025

Lori limeanza tena. Likisimama injini ikiwa inawaka, mngurumo wake, silensa kwa lugha ya mafundi, unapanda na kushuka, na mlango wa kushoto unacheza. Nikikanyaga mafuta linasita kwanza, kama linaomba ruhusa. Mke wangu Shamila katoa hukumu. Jumamosi tunapeleka vyombo vya mpwa wetu Swaumu kwa mumewe, Kigwa. Lori likifika, libaki. Lisipofika, Jumapili linauzwa chuma chakavu. Na kadi ya lori anayo yeye! Hajui kwamba kaolewa na kichwa cha ufundi. Ugonjwa nitautafuta mwenyewe.

Jumanne, 10 Juni

Nimelegeza mabomba ya nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, moja baada ya jingine. Ndivyo mafundi wanavyofanya: ukilegeza bomba na injini isibadilike, nozeli hiyo ndiyo mbovu. Nikalegeza la kwanza, injini ikadhoofika. La pili, ikadhoofika. La tatu na la nne vilevile. Nikahitimisha kwamba zote ni mbovu. Nimelowa dizeli hadi soksi.

Akapita Fikiri, mwenye gereji ya mtaa wa pili. Akasikiliza kidogo, akasema lori limelishwa asali, nifungue filta ya dizeli. Nikacheka sana. Fikiri ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Sisi ni watani tangu mababu zetu walipobeba mizigo kwenda pwani. Siku tunamzika baba yangu, Fikiri alijilaza kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Mtu huyo ndiye nimwamini habari za injini? Kweli, msimu huu nachuuza asali, na madumu yakibaki matupu nayatilia dizeli ya lori. Lakini ni madumu safi. Asali ina uchafu gani?

Jumatano, 11 Juni

Mbinu! Nimemtuma jirani yangu Modest akamweleze Fikiri ugonjwa huohuo, aseme ni wa lori la mjomba wake wa Ziba. Fikiri hawezi kumtania mjomba wa watu. Modest karudi na jibu: Fikiri kauliza kama huyo mjomba huweka dizeli kwenye madumu ya asali. Katushtukia, mshenzi yule!

Nimepandisha silensa kwa skrubu. Sasa lori halitetemeki, linapiga kelele. Mwalimu wa madrasa kaja kuuliza, kwa upole, kama nahama.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepata dawa. Mtu aliyetoka kuswali hatanii. Nikamvizia Fikiri mlangoni mwa msikiti, viatu vyake bado viko mkononi, nikamwomba ukweli mtupu. Akanishika bega.

"Mahona, leo sitanii. Filta yako imeziba kwa nta. Ifungue, usije ukaaibika mbele ya wakwe."

Machozi yakanilengalenga. Nikaamua kuifungua leo hii. Kisha akaongeza kwamba nikifa kwa aibu, maiti yangu ataiosha kwa petroli. Basi! Utani ule ule. Nikaenda zangu nikanywa kahawa. Filta sikuigusa.

Jumamosi, 14 Juni

Sijui niandike vipi. Tulitoka mjini vizuri, kitanda na kabati nyuma, mashangazi juu ya magodoro wakiimba. Kwenye kilima cha kwanza lori likasita. Likasita tena. Likazima. Mashangazi wakaimba ubeti mmoja zaidi, nao wakanyamaza. Shamila akampigia Fikiri simu.

Fikiri alikuja na pikipiki. Akafungua filta mbele ya watu wote. Nta, njano, nzito! Shamila akainusa, akanitazama. Fikiri akaiosha, akamwaga dizeli ya chini ya tangi, ikatoka na asali yake, akatoa hewa kwenye mabomba. Akashusha na ile silensa yangu. Lori likanguruma taratibu. Tukafika Kigwa, wakwe wakapiga vigelegele. Mimi nilijificha nyuma ya kabati nikijifanya nalipangusa.

Jumapili, 15 Juni

Lori limefika, kwa hiyo haliuzwi! Nimeamka na furaha kubwa. Asubuhi Shamila kaniambia, bila hata kutabasamu, kwamba lori nimebaki nalo ila dereva ni Fikiri kuanzia leo, kadi na ufunguo ameshampa, na mimi nirudi kwenye asali yangu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kumbe utani unaambukiza! Mke wangu na yule Mzaramo wamekaa wakaupanga, nami nimeugundua papo hapo. Nimevaa, nimekaa barazani namsubiri Fikiri alete ufunguo.

Amepita mara mbili na lori langu, limejaa magunia, silensa tamu ajabu. Mara ya pili akanipungia mkono. Nami nikampungia, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Hanipati huyu.